Karani wa Misimbo na Jeraha la Mumewe

Kazi yake ilikuwa kusoma aibu za watu na kuzigeuza namba. Ofisini kwao, nyuma ya duka la dawa la hospitali, kila faili iliyotoka kwa daktari ilipitia mikononi mwa makarani ili ugonjwa upewe msimbo wake: herufi moja, kisha tarakimu. Mchubuko una wake, jeraha lililofunguka lina wake, na anayekuja mara ya kwanza haandikwi sawa na anayerudi kubadilisha bandeji. Majeraha ya sehemu za siri za wanaume alisukumiwa yeye, mkongwe wao, kwa kuwa hakuona haya kumpigia daktari simu na kuuliza: uume au korodani? Govi limechanika, au limebanwa tu na zipu?

Na tuseme ukweli, alikuwa na mdomo. Faili ya zipu ikifika aliisoma kwa sauti, bila jina la mtu, na ofisi nzima ikavunjika mbavu. "Huyu naye alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Karani mgeni alijifunza kucheka kabla ya kujifunza misimbo. Jioni mkongwe huyo alimsimulia mumewe, seremala, mtu wa maneno machache, naye akacheka. Mke hakuona ubaya wowote.

Kisha seremala akaanza kutembea kama mtu aliyeficha yai mapajani. Mgongo, alisema. Akahamia kulala kwenye kochi. Mgongo huohuo. Mke akamkanda kwa maji moto, akamnunulia dawa ya kuchua. Homa ilipompanda hata akashindwa kushika kikombe, mke akamvua kwa nguvu suruali iliyolowa jasho, ndipo akaona. Korodani moja ilikuwa imevimba, na pembeni yake palikuwa na mkato usiozidi ukucha, unatoa usaha. Ubao ulikuwa umemrukia kutoka kwenye mashine ya karakana.

Kidonda kama kile mke alikijua vizuri: kingewahiwa, kingeoshwa kwa maji safi na sabuni, kingefungwa bandeji, na mwenyewe angepewa vidonge akarudi zake kazini. Alijua pia kwamba kikiachwa, mtu anaweza kuondolewa korodani, au akafa kabisa.

"Baba watoto, kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani?"

"Kwangu! Mimi si mkeo?"

Seremala akageukia ukuta. "Wewe ndiye ungenisoma."

Mwanamke yule aliyejibu kila mtu aliinuka kumtafutia suruali safi. Maneno yalimchoma, na alijua yalistahili kumchoma.

Walifika hospitali, na mlangoni mwa chumba cha vidonda mume akagoma. Akashika mwimo wa mlango, jasho linamtiririka.

"Faili yangu utaiandika wewe?"

"Hapana. Ya ndugu haturuhusiwi. Ataiandika mwenzangu."

"Watacheka?"

Angeweza kusema hapana, ili aingie upesi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mtu huyu alikuwa amelala na homa kwa kuogopa jambo hilo moja tu, na kumdanganya sasa kungekuwa ni kumcheka upya.

"Watacheka," akasema. "Niliwafundisha mimi. Nisamehe, mume wangu."

Seremala aliachia mwimo wa mlango. Kisha akavua kofia yake.

"Basi nishikie," akasema, akaingia taratibu huku akipanua miguu.

Mlango haukufungwa vizuri. Mke alimsikia muuguzi akivuta kiti na kufungua bomba anawe mikono.

"Karibu, mzee wangu. Unaumwa wapi?"

Mke aliikunja kofia, akaikunja tena, akimwomba Mungu asisikie neno mgongo. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi nje ya mlango nao walikuwa wanasikiliza.

"Korodani," mumewe akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi. "Ubao umenipiga. Nimechelewa kuja. Angalia."

Mkewe akakaa katikati ya wale wagonjwa na kulia, bila kujifunika uso.