Turubai Lililonuka Omena

Siku ya kwanza kazini sikupewa mkasi wala nyundo. Nilipewa tepu ya kupimia, nikaambiwa niende nikalale chali chini ya lori. Ilikuwa mjini Migori, miaka ya tisini, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne majuzi tu. Shati la shule bado ndilo lilikuwa shati langu zuri. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na kazi yake ilikuwa moja: kuunda magari madogo yanayofanana na magari makubwa kwa kila kitu. Wenye malori na mabasi walituagiza mfano wa gari lao, wauweke sebuleni au kwenye kaunta ya ofisi. Mpaka leo watu huniuliza, "Yaani ulikuwa unatengeneza vidude vya watoto?" Swali hilo linanichoma, na nitaeleza kwa nini.

Fundi Mkuu alikuwa mzee Mkuria kutoka Ntimaru, mfupi, vidole vimejaa makovu ya kuungua. Nilipotoka chini ya lori nimepakaa grisi mpaka masikioni, aliniuliza, "Umeona nini?"

"Nimeona ekseli, mzee, na springi na difu."

"Springi ngapi zimekatika?"

Sikujua.

"Rudi chini. Nyinyi watu wa ziwa mkiona rangi mnasema mmeona gari."

Mafundi wengine wakacheka, nami nikarudi chini.

Tulitumia kipimo cha moja kwa ishirini, maana yake sentimita ishirini za gari zilikuwa sentimita moja kwetu. Bodi tuliikata kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, kwa sababu bati lake ni jembamba na halina ubishi. Viungo tulivilehemu: unapasha kipande cha shaba kwenye makaa hadi kiwe chekundu, unayeyushia risasi yako ya kulehemia hapo, unaidondosha kwenye kiungo kabla haijaganda. Ukichelewa kidogo unapata uvimbe, na Fundi Mkuu alikuwa akiona uvimbe hata akiwa amesimama mlangoni. Ekseli zilikuwa spoku za baiskeli. Matairi tuliyachonga kwenye soli za ndara, kisha tukachora kashata zake, ile mikato ya kushika barabara, kwa wembe. Milango ilipaswa kufunguka. Usukani ulipaswa kugeuza magurudumu. Mtoto hachezei kitu kama hicho. Mtoto akikishika, mwenyewe anapiga kelele.

Mzee alikuwa na masharti mawili. La kwanza, hatunyooshi kilichopinda. Lori likiwa na taa moja, letu pia lina taa moja. Bampa ikiwa imekunjamana kwa sababu ya kugonga ng'ombe wa fulani, tunaikunja vivyo hivyo. La pili, kila mteja alete kitu kilichotoka kwenye gari lenyewe, hata kiwe kidogo vipi: uzi wa pazia la dereva, kipande cha kapeti, nati. Tulikitia kwenye gari dogo mahali pake panapostahili. Alisema bila kitu hicho tumetengeneza gari la mtu yeyote.

Baada ya kama miaka miwili mwenye karakana alifungua tawi Homa Bay, nami nikahamishiwa huko pamoja na Fundi Mkuu. Juu yetu akawekwa Msimamizi wa Maonyesho, mtu aliyekuwa karani wa kampuni ya mabasi, wa tai na leso mfukoni. Kazi yake ilikuwa kutafuta wateja na kuonyesha kazi zetu kwenye sherehe na viwanja. Sikatai kwamba alijua kuongea. Lakini hakuwahi kulala chini ya gari hata siku moja, na kwake kila kilichong'aa kilikuwa kizuri.

Huko ndiko alikotujia Mama Atieno, mchuuzi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, kutoka Muhuru Bay. Mumewe alikuwa akiendesha lori la kubeba magunia ya omena hadi Homa Bay. Aliugua akafa, na mashemeji wakaliuza lori kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tulilipima wanunuzi wakiwa wamesimama kando yetu na mtungi wa gesi ya kukatia. Kabla halijakatwa, Mama Atieno alipanda nyuma akachana kipande cha turubai, kama ukubwa wa viganja viwili. Kilikuwa na kiraka ambacho mumewe alikuwa amekishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu.

"Hiki ndicho nimebaki nacho," alimwambia Fundi Mkuu. "Usikifue."

Mzee hakukifua. Alikipunguza pembeni, akaacha kiraka kizima, akakifunga juu ya lori dogo kwa misumari ya viatu. Kilifunika nyuma yote ya lori. Na ndiyo, kilinuka omena. Ukiingia karakana unajua limewekwa wapi kabla hujaliona.

Msimamizi akamwomba mama atuachie lori lile tulipeleke kwanza kwenye maonyesho ya kilimo. Mama akakubali. "Waione," alisema, "lakini msiiguse. Nitakuja kuichukua huko huko."

Siku ya kuamkia maonyesho Fundi Mkuu alikuwa amekwenda Migori kuchukua magari mengine. Msimamizi alinikuta nikipangusa vioo.

"Omera, ndugu yangu, hii kitu inanuka! Mgeni rasmi ataweka pua wapi?"

"Ndivyo ilivyo, bosi. Mwenyewe amesema isiguswe."

"Maonyesho si soko la samaki. Wewe nenda kiwanjani ukapange meza."

Nikaenda. Kesho yake lori lililetwa limefunikwa kwa kitambaa. Lilipofunuliwa, bampa tuliyoikunja kama ya lori lenyewe ilikuwa imenyooshwa, bodi imepakwa rangi mpya, na juu yake kulikuwa na nailoni ya buluu inayong'aa kama karatasi ya peremende. Waamuzi walilizunguka, wakalipiga picha, wakalipatia nafasi ya kwanza. Mnajua katika kitengo gani? Vitu vya watoto kuchezea.

Mama Atieno alifika amevaa gauni la kanisani. Aliinama juu ya meza, akaipapasa ile nailoni, akaitazama namba ya usajili, akaipapasa tena.

"Hii gari ni ya nani?"

"Ni yako, mama!" Msimamizi alijibu akicheka. "Tumeshinda! Ona kombe."

"Turubai iko wapi?"

"Ile ilikuwa imeoza, mama. Tuliitupa. Hii ni mpya kabisa."

"Mliitupa wapi?"

"Ilichomwa pamoja na takataka."

"Yawa, jamani," alisema polepole, kama mtu aliyekaa chini bila kukaa. "Alishona hiyo kiraka akiwa mgonjwa, amekaa kwa mlango, sindano inamponyoka. Nikamwambia lete nishone, akakataa. Mimi sikuleta gari ya kushindana."

"Lakini mama, heshima hii yote..."

"Kaa nayo."

Akaondoka. Hakurudi tena, wala hakulichukua lori. Fundi Mkuu aliporudi na kuelezwa, alikusanya koleo zake, akaelekea stendi ya magari ya Migori. Wiki hiyo hiyo nami niliacha kazi. Huko ndiko kustaafu kwangu, kabla sijafikisha hata miaka ishirini na mitano.

Tangu hapo nimetangatanga. Nimevua samaki Kisegi, nimeuza mitumba mpakani, nimepaka nyumba rangi katika miji ambayo siwezi kuikumbuka yote. Vijana hunionyesha kwenye simu magari madogo wanayounda, safi, yasiyo na mkwaruzo, na watu elfu wameyapenda. Huwa nawauliza: ni gari la nani? Wengi hawaelewi swali, na mimi hukasirika kuliko inavyostahili, najua.

Juzi nilimkuta Msimamizi katika hoteli moja Homa Bay, mzee sasa, anakula samaki. Alinitambua yeye kwanza. "Omera! Unakumbuka lile kombe letu?" Akalieleza lote: rangi yake, vishikio vyake, mkono wa mgeni rasmi. Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza mwenye lori alikuwa nani. Alitafuna, akatazama dari, akasema alikuwa mama fulani wa samaki.

Nikamtajia jina. Kisha nikamtajia tena, pamoja na la mumewe, kwa sauti, hadi watu wa meza nyingine wakaacha kula.