Salamu Niliyoimeza Kilimani

Sikuombi uniamini, nakuomba unisikilize tu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, jua limeshatoka, na sikuwa nimeonja pombe.

Binti yangu Limi aliugua homa. Hospitalini walimtibu, homa ikaondoka, ila miguu ikakataa kusimama. Baba yake alikuwa machimboni Nyarugusu. Mama mkwe akanituma kwenye vilima vya mawe nje ya kijiji chetu, kuna mmea adimu, mnene chini kama mtungi, juu miiba mitupu.

"Chimba mzizi mmoja tu," akasema. "Na usimsalimie mtu, kwenda wala kurudi. Ukisalimia, dawa imekufa."

Unatujua sisi Wasukuma na salamu! Kumpita mtu kimya ni kumtukana. Dereva wa bodaboda alinisalimia, nikamwonyesha kilima kwa kidole. Nadhani mpaka leo ananisema.

Nikaukuta mmea juu kabisa, umeota kwenye ufa wa mwamba. Kando yake ameketi baba yangu.

Baba tulimzika kabla sijaolewa. Alikuwa yeye hasa: koti lile lile la kahawia, mguu mmoja ameunyoosha. Sikuogopa. Nilijawa na kitu kikubwa kuliko hofu, hata sijui nikiiteje. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Binti wa Kisukuma atampitaje baba yake bila kupiga goti?

Nikamkumbuka Limi kitandani. Nikauma ulimi, nikachimba.

Baba akaishika ile miiba kwa viganja vyote viwili, akaisogeza isinichome. Hakutoka damu. Mzizi ulipong'oka, akanisalimia yeye, mkubwa akamwanza mdogo: "Mwangaluka, mama Limi."

Jina la mtoto alilijulia wapi?

Nikashuka nikilia, mdomo nimeufumba.

Mama mkwe akauchemsha mzizi, Limi akanywa, akasimama wiki ile ile. Sasa anakimbia na kuvunja vyombo. Nilirudi kilimani nimpigie baba goti. Sikuona mmea, wala shimo, hata ule ufa haupo. Na tangu siku ile nikisema shikamoo, wazee hawaitikii. Wanatazama pembeni kama hawajasikia sauti. Inaniuma sana, lakini ningeambiwa nichague tena, ningechimba.

Wewe ukitumwa mmea ule, alfajiri, kabla hujaianza safari, pita kwanza makaburini kwenu. Wasalimie wote kwa majina, usimbakize hata mmoja. Utakayembakiza ndiye utakayemkuta juu.