Mshipi Mwekundu Kwenye Kalenda

Juzi nilikwenda Kirumba kununua nati kwa mama mmoja muuza vipuri. Mwezi ulikuwa umeanza, basi mama akachana karatasi ya mwezi uliopita kwenye kalenda iliyokuja na magari ya Japani, anifungie nati zangu.

"Usiikunje, mama!" Mzee aliyesimama nyuma yangu alinyoosha mkono juu ya bega langu.

Karatasi ilikuwa na picha ya kale ya hekalu la mbao kando ya ziwa. Mzee akavua miwani, akaishika juu ya picha kama lenzi.

"Hii ilipigwa nyeusi na nyeupe. Rangi imepakwa kwa mkono."

"Shikamoo, mzee," nikageuka. "Wajapani hawa wa magari, wapake picha kwa mkono?"

"Marahaba. Hata mimi nilipaka hivyo studio, mpaka filamu za rangi zikatutoa kazini. Huyu aliyepaka alianza na anga, kwa pamba." Vidole vyake vikazunguka hewani taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. "Na mwanamke huyu darajani, mdogo kama punje ya mchele, kapakwa mshipi mwekundu. Angeuacha, nani angejua?"

Mama akainyoosha karatasi kwa kiganja, akampa mzee kwa mikono miwili.

Nati zangu zikafungwa kwenye gazeti kuukuu. Nilipolikunjua nyumbani, nikakuta ni ukurasa wenye safu hii ninayoandika. Pale dukani hakuna aliyenyoosha mkono kuuokoa.