Vidonge Alivyoacha Mama

Nimechoka kuhesabu mapigo, lakini kila asubuhi bado naketi kando ya Papa, baba yangu, namshika mkono na kutazama saa. Mazoea haya nimebaki nayo tangu alipougua.

Papa alikuwa mvuvi wa maporomoko, mtu wa kukwea miti inayoshikilia mitego juu ya maji makali. Kisha kuvuka ua wetu hapa Kabondo kukawa safari. Nikajiambia ni presha. Mwalimu wa biolojia mimi, nani wa kunibishia? Mama alipofariki aliacha makopo mawili ya vidonge vya presha, na kuvitupa niliona dhambi. Nikawa nampa Papa kimoja kila asubuhi, naketi naye mpaka akimeze, kisha nakimbilia darasani. Alivyozidi kulegea, ndivyo nilivyokazana kumpa. Mungu wangu!

Siku alipoanguka mlangoni tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia, mpaka kwa daktari kule Makiso. Mapigo yalikuwa thelathini na sita kwa dakika. Daktari akauliza anakunywa dawa gani. Nikamwonyesha kopo la Mama, nikamweleza ugonjwa wake: presha na moyo wa kwenda mbio.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichora duara: seli moja, kati ya zile zinazouanzishia moyo kila pigo. Ndani yake kuna ghala dogo la kalsiamu. Ghala huvujisha kidogo kidogo, kwa vipindi. Mvujo huo huamsha umeme kwenye ukuta wa seli, pigo linaanza, kisha kalsiamu hurudishwa ghalani.

"Kidonge hiki kinafunga mlango kalsiamu inapoingilia," alisema. "Ghala linapungukiwa, moyo unakawia. Moyo wa mama yako ulikuwa unakimbia. Huu haukuwa na mbio zozote za kupunguza."

Miaka yote hiyo nilifundisha kalsiamu ni ya mifupa na meno, basi.

Walimlaza. Vidonge vikasimamishwa, na mapigo yakapanda polepole: arobaini na nne, hamsini na mbili, sitini. Nilisubiri sitini ndipo nithubutu kusema.

"Papa, ni mimi nilikuwa nakuua na vile vidonge."

"Nilijua iko inanichokesha," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

Nilikasirika hadi machozi. "Sasa kwa nini ulikuwa unameza?"

Akavuta shuka.

"Bon, mutoto yangu. Bila ile kidonge, ungeikala na miye saa gani?"