Kitabu Kilichorudi Kikiwa Safi

Mpaka leo nikiona nailoni ya kufunikia vitabu dukani, damu inanichemka. Kitabu cha mume wangu kilirudi kutoka Kajiado kimefunikwa kwa nailoni ya namna hiyo, mpya, kona zimekunjwa vizuri, na ndani limefutwa kila neno la penseli lililokuwa pembeni mwa kurasa. Aliyefuta alidhani anatenda hisani. Watu wa hisani wananiudhi kuliko wezi, maana mwizi angalau unaruhusiwa kumpigia kelele.

Mume wangu anaitwa Ojwang. Mwaka huo, 2006, alikuwa karani wa mizani kwenye machimbo ya mawe hapa Kitengela. Kutwa nzima aliandika nambari za malori, jioni akarudi na nyusi nyeupe kwa vumbi. Si mtu wa maneno. Anaweza kumaliza sahani ya ugali na sukuma bila kusema lolote ila "asante, Mama Sheryl." Lakini kila Jumamosi mchana alioga, akavaa shati la kola, akaenda saiba, pale pa kulipia intaneti, juu ya duka la dawa, na kumbe huko alikuwa msemaji.

Nilijua kwa sababu siku moja nilimfuata nikidhani ni mwanamke. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikasoma. Lilikuwa kundi la barua pepe la watu wanaopenda vitabu vya historia, kama arobaini hivi, wengine Nakuru, wengine Machakos, wengine ng'ambo. Walikuwa wakibishana kuhusu reli na machifu na vita vya zamani kwa adabu ambayo sijaiona hata kanisani. Mtu akikosea tarehe anaambiwa, "Ndugu yangu, labda tuangalie tena." Na kila baada ya barua mbili tatu mtu anauliza: Ojwang, Mzee anasemaje? Naye anajibu: Mzee anasema huyu mwandishi hajawahi kushika sururu. Mzee anasema aliyeandika kwamba joto la Magadi linavumilika aulizwe alikaa siku ngapi. Watu wanacheka, wanamtumia Mzee salamu. "Zimefika," anaandika Ojwang.

Mzee mwenyewe alikuwa amekufa miaka minne kabla ya hapo.

Niliondoka bila kusema kitu, kwa sababu mzee huyo sikutaka hata kumsikia. Ochola, baba yake Ojwang, alikuwa karani wa reli kule Magadi tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Aliikataa ndoa yetu kwa kuwa mimi ni Mbukusu, si wa kabila lao. Desemba 1999 tulifunga harusi kwenye kanisa la mabati hapa Kitengela, na kiti tulichomwekea mbele kilibaki kitupu mpaka watu wakamaliza keki. Alipokufa sikwenda matanga. Nilimwambia Ojwang aende akazike, lakini akirudi jina hilo lisitajwe ndani ya nyumba yangu. Alirudi na kitabu kimoja kinene cha historia ya reli, akakiweka juu ya kabati. Sikukigusa, hata kukipangusa vumbi.

Sasa, watu wa kundi lile walikuwa na desturi. Vitabu vyao havipatikani ovyo, kwa hiyo mwenye nacho alikituma kwa gari kama kifurushi kwa mwenzake, huyo akisoma anampelekea mwingine, mpaka kizunguke kirudi kwa mwenyewe. Ojwang alikwepa miaka miwili. Mwishowe akaona aibu, maana yeye alikuwa amesoma vya wenzake vinne. Akakituma Kajiado kwa Mwalimu Mwihaki, mstaafu anayeangalia maktaba ya shule ya msingi huko. Baada yake kingekwenda kwa mtu anayeitwa Muturi, wa Ewuaso Kedong, halafu kwa wengine.

Wiki tatu hazijaisha, Ojwang akashindwa kuvumilia. Akamwandikia Mwalimu akirudishe kwanza, akasingizia kwamba kuna jambo anataka kulihakikisha.

Nilikuwa jikoni alipofungua kifurushi. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, kisha akaanza kupekua haraka haraka. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye karatasi ya mwisho kabisa, ile tupu iliyoshikana na jalada. Akakaa chini. Ojwang hakulia hata siku aliyotoka kuzika. Siku hiyo alilia, na Sheryl, binti yetu, akiwa hapo anamtazama.

"Imefutwa," aliniambia.

"Nini imefutwa?"

"Yenye Baba aliandika." Halafu akasema, "Pole," kwa sababu alikuwa amemtaja.

Ndipo nikaelewa kwamba yale yote ya Mzee anasema hivi, Mzee anasema vile, yalikuwa yameandikwa humo kwa penseli, mzee akigombana na mwandishi ukurasa baada ya ukurasa. Mimi sikumpenda Ochola. Lakini mtu amlize mume wangu nyumbani kwangu, halafu nikae tu?

Jumamosi nilikwenda naye saiba nione atamwambia nini huyo mwanamke. Aliandika: "Asante sana Mwalimu kwa kukitunza kitabu." Asante! Nilitaka kuing'oa ile kompyuta niitupe barabarani.

"Wewe ni mtu wa aina gani?" nilimuuliza.

"Ni watu wazuri, Mama Sheryl. Huko hatugombani."

"Basi mimi sio wa huko."

Jumatatu asubuhi nilikuwa Kajiado, kitabu kwapani. Askari wa lango la shule alinisalimu kwa Kimaasai, "Sopa, mama," nikampita bila kuitikia. Nilijua ni utovu wa adabu na sikujali. Mwalimu Mwihaki nilimkuta maktabani, mwembamba, sweta ya kijani, anabandika kwa gundi kitabu cha watoto kilichochanika.

"Mimi ni bibi ya Ojwang wa Kitengela," nilimwambia.

Uso wake ulichangamka. "Woi, karibu mama! Na Mzee anaendelea aje?"

"Mzee alikufa 2002."

Aliiweka brashi ya gundi mezani. "Lakini juzi tu nimemtumia salamu."

"Na ukafuta vile aliandika."

Alikaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kujitetea, nimepanga maneno tangu alfajiri, na huyu alikuwa ananitazama tu. Hilo nalo lilinikasirisha.

"Nani alikutuma ushike raba?"

"Nilijua Mzee yuko," alisema. "Nilijua anaweza andika tena. Nilianza na ile ya nyuma kabisa. Kitabu kilikuwa kinaenda kwa Muturi, halafu watu wengine, nikaona hiyo ni mambo ya nyumba ya watu, haifai isomwe na kila mtu. Nilikuwa nakuchungia heshima. Halafu mkono ukazoea. Hapa mimi hufuta vitabu ya watoto kila siku."

"Heshima yangu inaingilia wapi?"

"Si wewe ndio Nelima?"

Sikuwa nimemtajia jina langu.

Nilimfungulia ile karatasi ya mwisho. "Andika," nilimwambia. "Vile ilikuwa. Na uandike na biro."

"Ilikuwa fupi," alisema. "Sijaisahau." Akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, taratibu, nikiwa nimemsimamia:

"Magadi, 11 Desemba 1999. Leo Ojwang anaoa Nelima. Nimevaa suti tangu asubuhi, nimekaa kwa kiti, sikutoka. Msichana hana kosa. Ni kiburi changu."

Niliipiga meza mpaka gundi ikamwagika. Sijui nilikuwa nampigia nani. Mzee aliyekaa na suti kwenye joto lile badala ya kupanda gari? Mwalimu? Ojwang, aliyelala kitandani kwangu miaka minne na maneno haya juu ya kabati? Mwalimu Mwihaki aliniomba msamaha mara tatu. Nilichukua kitabu nikaondoka bila kumjibu, na bado sijajua kama nimemsamehe.

Ojwang alikuwa nyuma ya nyumba, anaosha buti zake za kazi. Nilimwekea kitabu mapajani, kimefunguliwa hapo. Alisoma, akapitisha kidole juu ya ule mwandiko wa biro.

"Hii ungeniambia," nilisema. "Watu arobaini wa mtandao wanamjua baba yako, mimi simjui. Kwa nini?"

Alinitazama bila hasira yoyote, na nilitamani awe nayo.

"Ulisema asitajwe."

Nilikuwa bado nimekasirika, ila sasa hakukuwa na mtu wa kumpelekea hasira hiyo. Nikavuta kigoda nikakaa karibu na ndoo, nikafungua ukurasa wa kwanza, ule uliofutwa ukawa mweupe.

"Hapa," nilimuuliza, "Baba alisemaje?"

Ojwang alijipangusa mikono kwenye suruali. Hakuangalia hata kitabu.

"Alisema huyu mwandishi hajawahi kushika sururu."