Kipimo cha Mama na Tela la Rajabu

Mpaka leo nikipita mtaa wa Buyenzi nikasikia harufu ya chuma kinachochomelewa, jicho langu la kulia, hili lisiloona, huanza kuwasha. Nawaambia ninyi, nyumbani wamechoka kunisikia.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa na pikapu yenye bodi fupi ya nyuma, na mdogo wake, Rajabu, alileta tela pana ambalo shingo yake hulala juu ya bodi ya gari. Ilibaki kuchagua chuma cha kulishikia. Kimoja, hapo gereji, kilikaa pale pale kilipofungwa. Kingine kilikuwa na reli: kabla ya kona kali dereva anashuka, anakisogeza nyuma, tela linakaa mbali na kabini. Hicho kilikuwa mtaa wa Jabe, cha kungoja mpaka kesho. Rajabu alitaka vitanda vyake vifike kwenye nyumba yake mpya, mlimani Kinanira, siku hiyo hiyo.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alitoa futi shingoni, akapima nusu ya upana wa tela, kisha toka pale chuma kitakapokaa mpaka kioo cha nyuma cha kabini. Mimi nilishika ncha.

"Imepungua shibiri nzima," akasema. "Tukikunja kona, pembe ya tela inaingia kwa kioo."

Sudi, mchomeleaji, alicheka mpaka akavua miwani yake myeusi. "Mama Zaina, hii si gauni. Chuma hatupunguzi kiunoni."

Rajabu akamgeukia baba. "Kaka, gari inaendeshwa na nani? We ao muke yako?"

Gereji nzima ilimkodolea baba macho. Aliitazama ile futi, kisha akasema, "Funga hiki cha hapa."

Nawataja kwa majina: Rajabu na Sudi. Wa tatu ni baba yangu.

Rajabu alitangulia kwa pikipiki. Mama alipanda nasi, maana mapazia ya nyumba ile alishona yeye. Alininyima dirisha, akaniweka katikati, nikanuna. Njia nzima alikaa amegeuka nyuma, mkono wake juu ya kichwa changu, mapazia mapajani.

"Polepole, baba Zaina."

Kona ya kwanza tulipita, pembe ikakosa kioo kwa upana wa kidole. Baba alikuwa anatoka jasho, lakini hakusimama. Ya pili ilikunja kulia, kwenye mlima. Kelele siikumbuki. Nakumbuka mapazia yakilowa.

Kwenye msiba wa mama, Rajabu alisema ni kadari. Sudi alileta sukari kilo mbili.

Miaka mingi niliamini baba hakukielewa kile kipimo, maana hata mimi sikukielewa. Nikamtunza hivyo, nikamhurumia hivyo. Mwaka alioumwa sana, siku moja namnywesha uji, akaniambia bila kuulizwa:

"Niliona mama yako amepima sawa. Lakini watu wote wale walikuwa wananitazama, mwanangu."

Nilimfuta mdomo, nikaendelea kumpa uji mpaka ukaisha.