Kibaba Kimoja cha Unga

Nilikuwa mnene tangu ujana, na sikuona aibu. Aibu nilitiwa na mnyapara wa wapagazi tuliokuwa tukitoa chumvi Ivuna na kuipandisha Mbozi. Jioni alimpimia kila mtu kibaba kimoja cha unga, mwembamba kwa mnene. Siku moja, tulipofika Isansa, nikaomba cha pili.

"Posho ni moja kwa wote. Wewe unabeba chumvi au unabeba tumbo?" akauliza. Wapagazi wakacheka. Akanitua mzigo mbele yao, akanifukuza. Ujira wetu ulikuwa chumvi, kwa hiyo nilirudi kwa mama mikono mitupu. Nikaapa kwamba mtu yule atakuja kujibu swali lake mwenyewe.

Nikavuka mpaka, nikasoma kwa jasho langu nikiwa mfagiaji wa hospitali. Nilirudi na diploma ya afya. Sijui mwingine wa kwetu aliyekuwa nayo wakati ule. Huko nilifundishwa jambo ambalo miguu yangu ililijua zamani: mwili mzito ni mzigo, na kila hatua hula chakula zaidi.

Nikamkuta yule mnyapara huko Igamba, siku ya kupima kahawa. Alikuwa amenenepa kunishinda, akihema kama ng'ombe wa jembe.

"Shikamoo, mzee. Panda mizani."

Akapanda, akidhani ni heshima ya daktari. Kisha nikampandisha mpwa wake, kijana mkavu kama mpini, nikamtwika kahawa mpaka mizani ikalingana na uzito wa mjomba wake. Nikawatuma wote wawili mtoni na kurudi, umati ukitazama.

Mpwa alirudi akiyumba, akautupa mzigo chini. "Mjomba! Yaani hiki ndicho unachotembea nacho kila siku?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamsogelea mzee. "Mimi nilikuwa nabeba nini?"

Akanitambua. "Vyote viwili," akasema. "Chumvi, na mwili. Nilikukosea, mwanangu."

Wapagazi wawili wa zamani walikuwepo, wakasikia. Mtu mwingine angeridhika hapo.

Nikawakaribisha mzee na mpwa wake chakula kwangu. Mpwa nilimpa ugali mpaka akakataa. Mjomba wake nilimpikia kibaba kimoja, nilichokipima mbele ya macho yake. Akakimaliza upesi, akaangalia chungu.

"Mwanangu, hakijanitosha."

"Posho ni moja kwa wote, mzee," nikasema, nikafunika chungu.